Vita vya Kagera vilikuwa vya haki? Tuviangalie kutoka Busia na Tororo



Mada ya safari hii imetoka kwenye mabishano yetu wenyewe. Kila habari za nyumbani zikiingia kwenye simu, kwa Wakongo, kwa Wasudan Kusini, kwa Warundi, lazima mmoja aseme: kwani hakuna nchi jirani ya kwenda kumtoa yule? Na lazima mwingine ajibu: jirani akiingia, hatoki. Basi hapo kila mtu anatetea kidonda chake na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Tukaona heri tuchukue vita ambavyo vimekwisha zamani, ambavyo hakuna kati yetu aliyepigana, tuvichambue polepole. Tumechagua vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania ya Mwalimu Nyerere na Uganda ya Idi Amin. Vita hivi vina faida moja kwetu: jirani alikuja kweli, akamtoa dikteta kweli, na baadaye akaondoka kweli. Kama kuna vita vya jirani vinavyoweza kutetewa Afrika Mashariki, ni hivi. Basi tukivielewa hivi, vingine tutavipima vizuri zaidi.

Watu wengi huvisimulia kutoka Bukoba, Dar es Salaam au Kampala. Sisi tunavisimulia kutoka Busia na Tororo, upande wa pili wa Uganda, kwenye mpaka na Kenya. Wengi wetu tumepita hapo au Malaba tukiwa na begi moja. Na tunachotaka kusema ni hiki: swali la "vita hivi ni vya haki au la" haliulizwi mara moja tu. Linaulizwa upya kila jeshi linapovuka mstari mwingine.

Mstari wa kwanza: mto Kagera

Amin alichukua nchi tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote alikimbilia Tanzania, Nyerere akampokea na akakataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania wakiwa na silaha, wakapigwa vibaya. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zilikubaliana kule Mogadishu kwamba hakuna atakayewasaidia wapinzani wa mwenzake.

Msisahau hiyo 1972. Waliokuwa wakimtetea Amin walianzia hapo: Tanzania ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumtumia mkimbizi kama silaha. Hoja hiyo haimsafishi Amin, lakini si uongo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, baada ya maasi ndani ya jeshi lake, majeshi ya Amin yaliingia Tanzania na kukamata eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba kama 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda na mto ndio mpaka. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbilia kusini ya mto. Kwa maneno mengine, kabla vita havijawa hoja ya viongozi, tayari vilikuwa vimezaa wakimbizi.

Siku iliyofuata Nyerere alihutubia taifa na kusema sababu ya kumpiga Amin ipo, uwezo upo na nia ipo. Tanzania ilikusanya wanajeshi, mgambo, magari ya watu binafsi na malori ya mashirika ya umma. Jeshi lililokuwa na watu kama 40,000 likapita 100,000.

Hapa hakuna ubishi mkubwa. Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilikataza kuvamia nchi ya mwenzako, na azimio la Cairo la 1964 lilisema mipaka tuliyoachiwa na wakoloni iheshimiwe. Aliyevunja ni Amin. Mtu akiingia nyumbani kwako, una haki ya kumtoa. Mwisho wa Novemba na Desemba, Watanzania walikuwa wameshaupata mto na sehemu kubwa ya ardhi yao.

Kama vita vingeishia hapo, leo tusingekuwa na mada.

Mstari wa pili: Mutukula

Januari 1979 jeshi la Tanzania lilivuka mpaka na kuukamata mji wa Mutukula, ndani ya Uganda. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kijeshi: mizinga ya Amin ilikuwa inapiga kutoka juu ya mwinuko, kwa hiyo ukiiacha pale hujajilinda. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini mji wenyewe ulibomolewa, na baadaye Masaka na Mbarara, zilizokamatwa mwezi wa Februari, nazo zilibomolewa sana. Askari wengi walikuwa wameona yaliyofanyika Kagera na walikuwa na hasira.

Tuseme ukweli hapa, maana hata watu wanaoipenda Tanzania wanaliruka hili. Raia wa Masaka hakuvamia Kagera. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi miaka minane chini ya Amin. Vita vinaweza kuwa na sababu nzuri na bado vikambomolea nyumba mtu asiye na kosa. Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja halifuti la pili.

Mstari wa tatu: Kampala

Ubishi mkubwa unaanza hapa. Nyerere alikuwa na maelezo yake: kuna vita viwili. Cha kwanza ni cha Watanzania, wanailinda nchi yao. Cha pili ni cha Waganda, wanamwondoa dikteta wao, na hiyo ni haki yao, si ya Tanzania. Kwa hiyo Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi vikaunda chama kimoja cha ukombozi, UNLF, Yusuf Lule akiwa mkuu wake.

Kwa karatasi hoja hiyo ni safi. Kwenye uwanja haikuwa safi hivyo, maana wapiganaji wa Kiganda walikuwa wachache na kazi kubwa ilifanywa na jeshi la Tanzania. Halafu Libya ikatuma askari kumsaidia Amin, na baada ya vita vya Lukaya mwezi huo wa Machi, ilikuwa wazi kwamba Tanzania yenyewe itafika Kampala. Ilifika tarehe 11 Aprili 1979. Waganda waliwashangilia askari wa Tanzania na kuwaita wakombozi.

Miezi mitatu baadaye, Julai 1979, marais wa Afrika walikutana Monrovia, Liberia. Nimeiri wa Sudan, aliyekuwa anamaliza zamu ya uenyekiti wa OAU, aliilaumu Tanzania, na Obasanjo wa Nigeria akamuunga mkono. Hoja yao: tukikubali jirani amng'oe rais wa jirani kwa sababu ni mbaya, nani kati yetu atabaki salama? Leo ni Amin, kesho nani? Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, aliitetea Tanzania: hiyo kanuni ya kutoingiliana isigeuzwe ngao ya wauaji.

Nyerere naye alikuwa na jambo la kuwakumbusha. Mwaka 1975 mkutano wa OAU ulifanyika Kampala na Amin akapewa uenyekiti wa Afrika nzima. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Wakati huo Waganda walikuwa wanauawa. Makadirio yanayotajwa zaidi kwa utawala wote wa Amin yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Viongozi waliopiga kelele Monrovia kuhusu uhuru wa nchi hawakuwa wamepiga kelele hiyo kuhusu maiti.

Sisi wakimbizi tunaijua hiyo hali. Nchi zinakuwa na sauti kubwa mpaka unapovukwa na jeshi, na sauti ndogo mpaka unapovukwa na watu wenye mabegi.

Lakini haki ya kuwacheka wale marais haituruhusu kuikwepa hoja yao. Miezi hiyo hiyo, Vietnam iliingia Kambodia na kuuondoa utawala wa Pol Pot, uliokuwa umeua watu kwa wingi wa kutisha. Umoja wa Mataifa haukushangilia. Ulikiacha kiti cha Kambodia mikononi mwa watu wa Pol Pot kwa miaka. Uganda mpya ilikubaliwa haraka. Dikteta muuaji katika nchi zote mbili, jirani aliyevamiwa au kuchokozwa kwanza, na hukumu mbili tofauti, kwa sababu wakubwa wa dunia walimwogopa nani amemtuma Vietnam. Kwa hiyo ukisikia "dunia ilikubali" au "dunia ilikataa", usichukulie kwamba ndio jibu la haki.

Huku Busia na Tororo

Sasa tugeuke mashariki. Watu wa hapa walikuwa na sababu zao za kumwogopa Amin, na baadhi hazikuhusu Tanzania hata kidogo.

Busia ni mji mmoja wenye majina mawili ya nchi. Wasamia na Wateso wako pande zote. Hata neno boda boda, watu husema lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wanavusha abiria kutoka kituo cha mpaka mmoja hadi cha pili. Mstari wenyewe uliletwa na Waingereza: mpaka 1902, nchi yote kutoka hapa hadi Kisumu na kuendelea ilihesabiwa kuwa ya Uganda, halafu wakaihamishia upande ambao leo ni Kenya. Hakuna Msamia aliyeulizwa.

Februari 1976 Amin aliifufua hiyo ramani ya zamani na kudai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya. Wakenya waliandamana, Mzee Kenyatta akasema hawatoi hata kipande, na Amin akarudi nyuma. Julai mwaka huo makomando wa Israeli walishambulia uwanja wa ndege wa Entebbe na kupitia Nairobi wakati wa kurudi. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa kwa kulipiziwa kisasi. Maana yake, alichofanya Kagera kwa vifaru mwaka 1978, hapa alikuwa amekifanya kwa maneno miaka miwili kabla. Hata hivyo Kenya haikupigana. Moi alikuwa ndio kwanza ameingia madarakani baada ya kifo cha Kenyatta Agosti 1978, na Kenya ikajiweka kando.

Tororo nayo iliumia kwa njia yake. Februari 1977 askari walipekua nyumba ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, mjini Tororo, wakidai wanatafuta silaha. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Oboth Ofumbi alikuwa mtoto wa Tororo, na alikuwa waziri wa Amin mwenyewe. Askofu Okoth alikimbilia Kenya. Si yeye peke yake: walimu, madaktari, wanafunzi wa Makerere, wafanyabiashara, wengi walipita kwenye mpaka huu, wengine kwa njia za panya. Kahawa nayo ilipita usiku kwa magendo, kwa sababu shilingi ya Uganda ilikuwa imekufa.

Kwa hiyo tukiuliza watu wa hapa walivisubiri vita au hawakuvisubiri, jibu ni kwamba wengine hawakusubiri. Tarehe 2 Machi 1979 wapiganaji wa Kiganda walivuka kutoka Kenya na kuishambulia kambi ya jeshi ya Tororo. Waliikamata. Baadhi ya askari wa kambi hiyo waliasi na kujiunga nao. Kwa siku mbili hivi ilionekana kama mashariki imeanguka kabla ya Kampala. Halafu askari watiifu kwa Amin walirudi, wakiwa na ndege za kivita, na waasi wakamalizwa.

Hatusomi sana habari ya Tororo kwenye vitabu vya vita hivyo, lakini kwetu ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Watu wale walikuwa uhamishoni kama sisi. Walirudi na bunduki kwa sababu waliamini wana haki. Je, walikuwa nayo?

Mkimbizi na bunduki

Mkataba wa OAU kuhusu wakimbizi wa 1969 unasema mambo mawili ambayo kila mmoja wetu anapaswa kuyajua, na ambayo wafanyakazi wa mashirika wanayajua kwa kichwa. La kwanza: kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi aliyotoka isilichukulie kama uadui. La pili: mkimbizi asitumie nchi iliyompokea kuishambulia nchi nyingine, na nchi iliyompokea inapaswa kumzuia.

Mambo hayo mawili yanategemeana. La kwanza linatulinda kwa sababu la pili lipo. Siku mkimbizi mmoja anapochukua bunduki akavuka, serikali ya nyumbani inapata kisingizio cha kumwona kila mkimbizi kama askari aliyejificha. Amin alikitumia kisingizio hicho baada ya 1972, na Waganda wengi wasiokuwa na uhusiano wowote na Obote waliuawa.

Wapo kati yetu wanaosema: sawa, lakini mkataba uliandikwa na marais, si na wakimbizi. Marais wanajilinda wao. Waganda wa Moshi wangefuata mkataba neno kwa neno, Amin angetawala mpaka azeeke. Hatuna jibu rahisi la kuwapa. Tunachoweza kusema ni hiki: mtu mzima anayeamua kurudi kupigana ameamua kwa nafsi yake, lakini anayekuja kambini usiku kuwaandikisha watoto wa miaka kumi na tano anaamua kwa niaba ya wengine. Tofauti hiyo haifutwi na ubaya wa dikteta yeyote. Na anayeishi kwenye hema la jirani yake pia hakuulizwa kama yuko tayari kulipia.

Mstari wa nne: barabara ya mashariki

Wakati wa kuikaribia Kampala, Watanzania waliacha kwa makusudi barabara ya Jinja wazi, ili Walibya waondoke bila kupigana mpaka mtu wa mwisho. Kijeshi na hata kidiplomasia ilikuwa busara. Iliokoa maisha mengi mjini. Lakini angalieni ramani. Barabara ya Jinja inaendelea Iganga, halafu Tororo, Malaba na Busia. Askari wa Amin waliokuwa wanakimbia walipita huku, na wakiwa njiani walipora na kuua. Busara ya Kampala ililipiwa mashariki.

Jinja ilikamatwa tarehe 22 Aprili, kisha Tororo, kisha jeshi likapanda kaskazini mpaka mpaka wa Sudan, na vita vikahesabiwa vimekwisha tarehe 3 Juni 1979. Wakati huo mpaka wa Busia na Malaba ulikuwa na watu wa aina mbili. Wengine walikuwa wanarudi kutoka Nairobi na Kisumu baada ya miaka mingi. Wengine walikuwa wanatoka: watu wa utawala uliopita na familia zao, na watu ambao kosa lao lilikuwa kabila, dini au jina la ukoo. Bob Astles, Mwingereza aliyekuwa mtu wa karibu wa Amin, alikimbilia Kenya, akakamatwa na kurudishwa. Yeye alikuwa na kesi ya kujibu. Lakini Waislamu waliouawa Bushenyi mwaka huo huo walikuwa na kesi gani? Na maelfu kwa maelfu wa West Nile, nyumbani kwa Amin, waliokimbilia Sudan na Zaire kuanzia 1980 jeshi jipya lilipowalipizia kisasi?

Kwa mmoja vita vilimaliza ukimbizi, kwa mwingine viliuanzisha. Ndiyo maana mkimbizi wa Kiganda wa 1977 na mkimbizi wa Kiganda wa 1980 hawawezi kukupa jibu moja kuhusu vita hivyo hivyo, na wote wawili wanasema kweli.

Baada ya ushindi

Lule alitawala siku 68 tu. Binaisa akafuata, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi uliobishaniwa, Obote akarudi, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Wanajeshi wa Tanzania waliondoka mwaka 1981. Vita viliigharimu Tanzania karibu dola milioni 500 kwa hesabu inayotajwa sana, na uchumi wake haukupona kwa miaka mingi.

Hapa wengine wanasema Tanzania iliondoka mapema mno, wengine wanasema ilikaa mno na kumrudisha rafiki wa Nyerere. Sisi tunaona malalamiko hayo mawili yanatoka kwenye kosa moja: mpango wa kumwondoa Amin ulikuwa kamili, mpango wa kuishi baada ya Amin ulipikwa kwa siku tatu kule Moshi.

Na mashariki iliendelea kulipa. Mwaka 1987 jeshi la Alice Lakwena lilipita Tororo likielekea Jinja, likashindwa huko, na yeye akakimbilia Kenya, ambako alifia kwenye kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi hapa Busia, mpaka ukafungwa, hadi Moi na Museveni walipokutana Malaba mwezi huo huo.

Halafu dunia ikageuka. Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, waliovuka Busia na Malaba wakiwa na magodoro kichwani walikuwa Wakenya. Waliwekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo, ambako baadhi yetu tumesoma nao. Wazee wa Tororo waliowapokea walikuwa wanakumbuka nani aliwapokea wao miaka ya sabini.

Kipimo hicho hicho, vita vingine

Kagera ingebaki hadithi nzuri ya zamani kama isingetumiwa tena. Lakini imetumiwa. Mwaka 1998 jeshi la Uganda liliingia ndani kabisa ya Kongo, na sababu iliyotolewa ilifanana na ya Nyerere: tunajilinda na waasi wanaotushambulia kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kongo ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Desemba 2005 mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria. Tazameni sababu mojawapo: mahakama ilisema kukamata viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuwezi kulingana na mashambulizi ya waasi wa mpakani. Kisangani iko mbali na mpaka wa Uganda. Wakongo wenzetu wanajua Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana wao kwa wao ndani ya Kisangani, mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda. Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325.

Hapo mnaona tunachosema kuhusu mistari. Nchi iliyookolewa na jirani mwaka 1979 ilihukumiwa kama jirani mbaya mwaka 2005. Maneno ya kujitetea yanafanana. Kinachotofautiana ni mistari iliyovukwa, muda waliokaa, na mali iliyoondoka nao.

Umoja wa Afrika nao ulijifunza kitu. Sheria yake ya kuanzishwa, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, inaupa Umoja haki ya kuingilia nchi penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hoja ya Binaisa ya Monrovia imeingia kwenye sheria. Lakini haki hiyo imepewa Umoja, si jirani mmoja mmoja, na hapo hoja ya Nimeiri na Obasanjo nayo imesikilizwa. Tatizo ni kwamba Umoja wenyewe mara nyingi umekaa kimya, na kimya hicho ndicho kinachowafanya vijana waanze tena kumtafuta jirani mwenye vifaru.

Sisi tunasemaje

Tuliokaa kuandika hii hatukukubaliana kwa kila kitu, lakini haya tumekubaliana.

Kuirudisha ardhi ya Kagera kulikuwa haki. Kwenda mpaka Kampala kulikuwa na sababu nzito, na bila kwenda watu wengi zaidi wangekufa; wengi wetu tunasema kulikuwa haki, wachache wanakataa. Kubomoa Masaka hakukuwa haki. Kuwaacha watu wa West Nile na Waislamu wa Bushenyi bila ulinzi hakukuwa haki. Yote hayo ni vita vimoja. Anayekwambia vyote vilikuwa vizuri anakuficha kitu, na anayekwambia vyote vilikuwa vibaya anamsahau Luwum na Oboth Ofumbi.

Kwa hiyo mtu akija kwako akisema kuna vita vya haki vinakuja, usimuulize tu adui ni mbaya kiasi gani. Huyo adui mara nyingi ni mbaya kweli. Muulize mnavuka mpaka wapi, na nani ataamua kusimama. Muulize watu wa kabila la huyo dikteta watalindwa na nani siku ya ushindi. Muulize barabara gani imeachwa wazi, na nani anaishi kando yake.

Na ninyi ndugu wa mashirika, tuna ombi. Vikao vya amani mnavyotuletea hutufundisha kusameheana, na ni vizuri. Leteni pia historia. Kijana anayejua kilichotokea Tororo Machi 1979 ni vigumu kudanganywa na anayekuja usiku.

Andikeni maoni hapa chini, kwa Kiswahili chochote, cha Bukavu, cha Nairobi, cha Juba. Kama babu au bibi yako alivuka Busia miaka hiyo, kwenda au kurudi, muulize kwanza, halafu utuandikie. Sharti letu ni lile la siku zote: jadili jambo, usitaje kabila la mtu.